Kidole Changu na Mkia wa Mjusi

Utoto wangu niliupitia Utange, kijiji cha pwani, enzi zile Vita Vikuu vya Pili vikiendelea na vijana wetu wengi wamechukuliwa wakapigane mbali. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, na mijusi waliishi humo kama wenyeji wenzetu. Hakuna aliyewapenda, lakini hakuna pia aliyethubutu kuwakata mikia. Ilisemwa kwamba mkia wa mjusi ukikatika, ule unaorukaruka chini huwa unamlaani aliyeukata: kama nilivyokatwa, nawe ukatwe.

Mimi niliukata bila kukusudia. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu Charo, na shangazi yangu Mbeyu, dada yake baba, alikuja kutushikia nyumba. Asubuhi moja nilisukuma mlango kwa pupa, mjusi akabanwa kwenye bawaba. Alichomoka akapanda ukutani, mkia ukaanguka miguuni pangu ukicheza.

"Kadzo! Umefanya nini, mwanangu?" Shangazi aliudondosha ufagio.

"Sikumwona, shangazi."

"Yeye amekuona."

Siku chache baadaye nilikuwa nakata muhogo juu ya gogo nyuma ya nyumba. Nilikuwa na miaka sita hivi, na kazi hiyo nilikwishaizoea. Panga likateleza, likaondoka na ncha ya kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto, pamoja na nusu ya ukucha. Mwanzoni sikulia. Nilikitazama kile kipande kwenye maganda ya muhogo, kidogo kama punje ya hindi, nikashangaa kwamba ni changu. Kisha damu ikaja, na kilio nacho.

Baba alinibeba mgongoni hadi zahanati. Dresa, yule mhudumu wa vidonda, alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Aliosha kidonda, akakigeuza huku na huku, akamwambia baba, "Shina la ukucha limesalimika. Siwezi kushona, hakuna ngozi ya kuvuta. Tutakifunga, tukiweke safi, kidonda kijifunike chenyewe. Lakini kidole kitabaki kifupi."

Nyumbani hukumu ilikwishapita. Shangazi Mbeyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watoto wake wawili, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alinikataza nisimguse Charo.

"Laana ya mjusi haiishii kwa mmoja," alimwambia mama. "Hutafuta mwororo. Itamwendea huyu mchanga."

Mkeka wangu ukahamishiwa jikoni. Bakuli langu likatengwa. Nilisikia shangazi akimshauri baba nipelekwe Kaloleni kwa bibi, nikalelewe huko hadi Charo akomae. Baba alisema tusubiri kidonda kipone kwanza. Mama alikuwa bado dhaifu; aligeukia ukutani akaendelea kumnyonyesha Charo. Mgongo wake uliniuma kuliko panga.

Huko jikoni nilikutana tena na yule mjusi. Nilimtambua kwa kigutu chake. Alikaa ukutani karibu na kuni, nami nilikuwa sina wa kucheza naye, kwa hiyo nilimtazama. Pale palipokatika palitokea kinundu, kisha kinundu kikarefuka, laini, rangi ya majivu. Jioni moja sikuweza kunyamaza.

"Shangazi, mkia wa mjusi unaota."

"Ndivyo walivyo."

"Basi kama yaliyompata yeye ndiyo yaliyonipata mimi, na changu kitaota."

"Binadamu si mjusi, Kadzo."

"Na laana haikulijua hilo?"

Aliniinulia mwiko. Sikukimbia. Tulitazamana hivyo, mimi na kitambaa changu kidoleni, hadi uji ukamwagikia motoni na yeye akalazimika kugeuka.

Kila dresa alipofungua kitambaa niliona nyama nyekundu, mbichi, ya kutisha. Baadaye ikaanza kujaa na kuviringana. Kisha ukucha, mwembamba kama ganda la kitunguu, ukaanza kutambaa juu yake. Siku moja dresa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kimerudi," alisema taratibu. "Kama ningesimuliwa na mtu mwingine, ningesema ni muongo."

Siku hiyo nilipofika nyumbani sikuomba ruhusa. Nilimpita shangazi mlangoni, nikaingia chumbani, nikampakata Charo.

"Muweke chini!" Shangazi alipiga kelele. "Muweke chini nasema!"

"Mwache, wifi," mama akasema kutoka kitandani. "Huyo ni dada yake."

Nilimnyooshea shangazi vidole vyangu viwili vya shahada, kimoja ubavuni mwa kingine. Alivishika, akavipima ncha kwa ncha.

"Basi hakikukatika sana," alisema.

"Kilikatika," nikamjibu.

Sikupelekwa Kaloleni.

Nilipokua nilisomea uuguzi, nikafanya kazi wodi ya watoto. Huko daktari mmoja alinieleza kwamba ncha ya kidole cha mtoto mdogo, kama shina la ukucha limesalia, huweza kuota tena ikifunikwa vizuri na kuachwa. Kwa mtu mzima ni nadra zaidi, na kidole kizima hakirudi kwa yeyote. Hata mjusi, aliniambia, mkia wake wa pili huwa na gegedu, laini kama ya sikio, mahali pa mifupa. Wataalamu huwachunguza wanyama hao wakitaka kujua kwa nini mwili wetu huharakisha kuziba kwa kovu pale ambapo wao hujenga upya. Nimewaona makuli wa bandarini wenye vigutu vya mikono, na nimetamani jibu hilo lipatikane upesi.

Lakini mtoto wa miaka sita hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba watu wazima wamempangia aibu, naye hakuitaka. Laana ni kama mzigo wa kuni: lazima uiname ndipo utwikwe. Naamini hata kidole kingebaki kifupi, nisingeinama.

Shangazi Mbeyu hakuniomba radhi, hata uzeeni. Ila siku moja nilikwenda kumsalimu, nikiwa mama wa watoto tayari, nikamkuta ukumbini na jirani aliyehamia karibuni. Nilimwamkia, akanivuta mkono nikae karibu naye.

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu," alimwambia yule jirani. "Tulimwambia amelaaniwa, akakataa." Kisha akacheka, akakishika kidole changu na kukaa nacho vile vile muda wote wa maongezi.