Plastiki ya Buluu Ndani ya Bawa la Kushoto

Majira ya baridi kumi na manne yalikuja na kupita, na katika yote hayo gari la Ardis Quammen lililala nje chini ya theluji, kwa kuwa gereji ilikuwa na mpangaji mwingine. Mpangaji huyo alikuwa ndege ya watu wawili, iliyoletwa vipande vipande ndani ya makreti ya mbao mwaka ule binti yao Corinne alipoolewa na kuhamia Nebraska. Delmar, mumewe Ardis, alikuwa bado fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe katika mashamba ya Wisconsin. Alimwahidi mkewe kwamba wangeiunda ndege hiyo kwa mikono yao, kisha waruke nayo kwenda kwa Corinne wangali na nguvu. Alipotoa ahadi hiyo alikuwa na miaka hamsini na minane. Alipofikisha sabini na miwili, ahadi ilikuwa ingali gerejini.

Kupiga ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikanisha mabati, ni kazi ya watu wawili. Delmar alisimama nje ya bawa na nyundo ya hewa. Ardis alipenyeza mkono ndani, akaegemeza kipande cha chuma kizito nyuma ya ribiti. Hawakuonana. Ribiti ikikaa vyema, Ardis aligonga bati kwa kucha mara moja; ikipinda, mara mbili. Zilikuwapo siku ambazo hayo ndiyo mazungumzo yao yote. Kiwiko cha Ardis kilianza kumuuma mwaka wa tisa, naye hakukitaja hadi mwaka wa kumi na moja.

Ukutani, juu ya meza ya kazi, Delmar aliandika kwa penseli yale aliyojifunza kwa hasara. *Soma ukurasa wote kabla ya kushika drili.* Chini yake: *Ukikasirika, toka nje.* Na chini zaidi, baada ya kuunda vipande viwili vya upande mmoja: *Kushoto si kulia.*

Ni desturi ya watu wanaojiundia ndege kwamba bawa halifungwi kabla mwenzao hajalichungulia kwa tochi na kioo. Basi Jumamosi moja ya Machi alikuja Lyle Pankratz, ambaye alikwisha kuunda ndege mbili. Alikunywa kahawa, akala keki ya Ardis, akajilaza sakafuni chini ya bawa la kushoto. Alizungusha tochi ndani, kisha akaisimamisha mahali pamoja.

"Del, hii buluu huku ndani ni nini?"

"Plastiki ya kiwandani. Niliiacha bati lisikwaruzike."

"Uliiacha tangu lini?"

"Tangu harusi ya Corinne."

Lyle alipenyeza ukucha pembeni. Plastiki ilikuwa imekauka kama ngozi ya zamani; ilipobanduka, bati chini yake lilikuwa na mishipa myeupe iliyotambaa kama utando wa buibui. Aluminiamu ilikuwa imeliwa polepole pale pale ilipokingwa.

"Ilipaswa kutoka mapema, ndugu yangu. Imeandikwa kwenye kitabu."

"Ukurasa gani?"

"Wa kwanza."

Delmar aliketi juu ya ndoo. "Nikisugua na msasa, nikapaka rangi, nikafunga, nani atajua?"

"Si mimi nitakayeruka nayo," alisema Lyle. "Atakayeketi kiti cha kulia ni Ardis. Muulize yeye."

Ardis alikuwa mlangoni na birika, naye alikwisha kusikia. "Ribiti ngapi za kutoa?"

"Karibu mia nane," alijibu Delmar bila kumtazama. "Na mabati mapya. Majira mawili ya baridi, labda. Mama Corinne, nimechoka."

"Hata mimi nimechoka, mzee. Nimechoka tangu ulipouza mashua yetu ili ununue nyundo hiyo. Lakini sitaki kufika kwa mwanangu nikisikiliza bawa njia nzima."

"Na mkono wako?"

"Mkono wangu umekuomba ruhusa?"

Lyle alicheka peke yake. Delmar aliinuka kwa kushika meza, akachomeka drili kwenye umeme, akatoboa kichwa cha ribiti ya kwanza. Ndiyo ile waliyoipiga yeye na Ardis zamani wakiwa wameshikwa na kicheko, naye Ardis akagonga mara moja. Hakuna aliyecheka sasa. Kabla ya kutoboa ya pili aliandika ukutani: *Bandua plastiki.*

Kazi hiyo ilichukua majira mawili ya baridi na sehemu ya majira ya tatu. Siku mkono wa Ardis ulipokataa kabisa, Lyle alishika chuma, na Ardis akaketi kando akichungulia kila ribiti na kugonga bati yeye mwenyewe, kwa kuwa Delmar hakuamini kucha nyingine. Bawa lilifungwa wiki iliyopita, safi ndani na nje. Injini haijawekwa bado. Gari lingali nje.

Ewe Mola uliyezipima siku zetu, mhurumie mtumishi wako Delmar, umdumishie macho yake. Uuponye mkono wa Ardis ulioshika chuma bila kunung'unika. Umlinde Corinne na watoto wake. Na kama yakupendeza, uwabakizie wazee hawa adhuhuri moja tulivu, isiyo na upepo, ya kutosha kufika Nebraska. Amina.