Nyuki Waliofukizwa Udi

Hebu niambie, rafiki yangu, nani aliyewadanganya watu wa siku hizi kwamba nyuki anataka marashi ya dukani? Nimerudi Jomvu Kuu, nimepanga chumba cha mwisho katika vyumba vya mjomba, na mbele ya mlango nimepanda maboga kwenye magunia. Maua yanatoka, yananyauka, yanaanguka. Juzi mpangaji wa chumba cha pili, mama mkarimu lakini mjuaji kupita kiasi, akaja na chupa yake ya marashi akayapulizia maua yangu yote. "Watakuja tu, dada, wapenda vinavyonukia." Nilimtolea macho. Nilitaka kumfokea, nikashindwa, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kufanya jambo baya zaidi, papa hapa, nikiwa na miaka kumi.

Vyumba hivi vyote kumi na viwili vimesimama palipokuwa shamba la Bibi. Ukikaa hapa nilipo na kufumba macho huwezi kuamini. Palikuwa na mabamia, matango, mrehani kila pembe, asumini zilizotambaa juu ya ua wa makuti, na maboga yaliyojaa mpaka njia ya kwenda kisimani. Asubuhi nilitumwa kuchuma rehani kabla jua halijapanda, na mikono ilinuka mpaka adhuhuri. Nikishika mahamri yananuka rehani, nikishika msahafu unanuka rehani, mwalimu wa madrasa akiniita niende nikanawe. Na boga la Bibi, likipikwa kwa nazi na iliki, nisikudanganye, sijala tena futari kama ile. Siku hizi boga linachemshwa kwa maji na sukari, ati ndiyo futari. Lahaula!

Sasa, mwaka huo vijana walipanda dari la madrasa wakawachoma moto nyuki waliokaa mle miaka na miaka. Walisifiwa mtaa mzima. Baada ya hapo maboga yakagoma, maana hapakuwa tena na nyuki wa kuyatembelea maua. Vitoto vya boga vinatokeza, vinageuka manjano, vinaoza. Mjomba, mtoto mkubwa wa Bibi, alikuwa amekwisha kuliramba shamba kwa macho siku nyingi. Alikuja kila Ijumaa baada ya swala, akala, akajipangusa, akaanza. "Mama, shamba lisilozaa ni kiwanja. Shaabani ikiisha hujachuma boga, nitajenga." Bibi akamjibu, "Nikichuma je?" Mjomba akasema mbele yetu sote kwamba Bibi akichuma, hatalitaja tena shamba hilo maisha yake yote.

Basi Bibi akamwendea jirani yetu, Mrabai, fundi wa mizinga. Yule mzee akamchongea mzinga wa gogo, akautundika kwenye mkorosho, akasugua ndani kwa rehani, mchaichai na donge la nta kuukuu. Mimi nilishika kikapu. Nikamuuliza, sasa nyuki watajuaje? Akacheka. "Nyuki ni wageni wa pua, mwanangu. Wanukieni vizuri, watakuja na watakaa." Akachukua panga lake akaenda zake.

Mpaka leo maneno hayo yanaudhi. Wanukieni vizuri, basi? Angeongeza neno moja tu! Lakini kwao Rabai mtoto anayetambaa anajua kwamba moshi humtoa nyuki mzingani, hakuna haja ya kusema. Na kwetu mtoto anayetambaa anajua kwamba mgeni wa heshima hupokewa kwa udi. Hilo nalo nani angekumbuka kumwambia Mrabai?

Nyuki walikuja siku ya Jumanne. Bibi alikuwa amekwenda Magongo kumjulia hali ndugu yake, mimi nimeachwa na masufuria. Nikasikia mvumo, nikatazama juu, na wallahi anga lilikuwa na doa linalotembea. Wakauzunguka mkorosho, wakaushukia mzinga, wakaanza kuingia. Nilirukaruka kwa furaha. Wamekuja! Shamba limepona! Ila je, wakiingia wasipapende? Wakiona hatukuwajali?

Nikakimbia ndani. Nikatoa chetezo, nikapepea makaa, nikafungua kijaluba cha Bibi cha udi, ule wa harusi, ambao hata mama haruhusiwi kuushika, nikatia vipande vitatu kwa mpigo. Nikajitanda leso kichwani kama mtu mzima, nikapindua kinu nikapanda juu yake, nikakinyanyua chetezo mpaka mdomoni mwa mzinga. "Karibuni," nikawaambia. Nakuapia, niliwaambia karibuni.

Mmoja alinidunga mdomo wa juu. Wengine walitoka wote kwa pamoja, wakazunguka mara mbili hivi, wakashika njia ya bahari. Nikabaki juu ya kinu nikiwafukiza hewa.

Bibi aliporudi alasiri mdomo wangu umeshavimba kama andazi, na shamba zima lanukia bi harusi. Akaniita. "Abee," nikajibu kwa shida. Akauliza kulikoni. Nikamwambia nimejigonga mlangoni. Mlangoni! Bibi akaniketisha mapajani, akautoa mwiba wa nyuki kwa ukucha, akapasugua kwa kitunguu. Akautazama mkorosho. Hakuniuliza neno la pili. Mimi nilikuwa nikingoja kuchapwa, na kuchapwa hakukuja, na hilo ndilo lililonitesa, maana ukichapwa jambo limekwisha, unalia, unakula, unalala.

Ijumaa mjomba akaja. Baada ya pilau akaenda kuukagua mzinga, akatia pua. "Mbona huu mzinga wanuka udi?"

Tulikuwa wote pale barazani, mama na dada zake, mimi na mdomo wangu. Bibi alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua uso. "Ni mimi," akasema. "Walikuja, nikawafukiza. Nilisahau kama nyuki aogopa moshi."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Ewe mama! Kufukiza nyuki! Basi sasa umezeeka." Na wengine wakacheka, kwa mapenzi tu, si kwa ubaya.

Shaabani iliisha bila boga, mafundi wakaja kuchimba msingi. Lakini wala si shamba linaloniuma leo. Linaloniuma ni lile neno, umezeeka. Tangu siku ile Bibi hakuaminiwa tena. Funguo za kabati zikachukuliwa, asije akasahau. Chumvi ya mchuzi akawa haitii yeye tena. Akisema jambo, watu walitazamana wakatabasamu. Mwanamke aliyejua kila boga la shamba lake limelala upande gani, akakalishwa barazani kama mtungi, akiulizwa kama anajua leo ni siku gani. Na alijua! Kila mara alijua, akijibu kwa upole, jambo ambalo lilinichoma zaidi.

Na kisa chenyewe kilisimuliwa katika kila harusi ya nyumba yetu, na mimi nilikuwa nikicheka. Miaka ishirini na zaidi, nikicheka. Kwenye hitima yake mjomba alikisimulia tena, kwa machozi, ati kumbukumbu nzuri ya mama. Watu wakacheka kwa huzuni. Nilikuwa mtu mzima, mke wa mtu, nina watoto wawili, nina mdomo mzima usiovimba. Nikacheka nao.

Basi nakwambia wewe, kwa kuwa mjomba naye ametangulia na hao waliocheka sijui nianzie kwa nani. Bibi yangu hakusahau kitu. Aliyewafukiza nyuki ni mimi.