Amina ya Patroni

Mimi nimesikiliza maombi mengi kuliko pasta yeyote wa Beni, lakini yale ya mama jirani yangu wa Bungulu, siku ya kuamkia Noeli, yamenishinda. Saa tisa motari, kijana wa pikipiki, alimuletea koli, kifurushi kutoka Butembo, viatu vya batoto. Mama akamushika mukono, mimi nikisimama nao kwa mulango.

"Hapana enda bila maombi, papa."

"Mama, niko na koli ine za kupeleka. Saa kumi ikipita, patroni atanipokonya pikipiki."

"Donc basi, tuombee na ile pikipiki."

Akaombea viatu, barabara, hata mupaka wa Kasindi. Telefone ikalia mara tatu mufukoni mwa motari. Mara ya nne mama akaichomoa mwenyewe, macho yamefungwa, akaweka sauti kubwa.

"Patroni, tuko mu maombi."

 Patroni ni shemasi, angefanya nini? Mama akamuombea moyo wa huruma kwa bafanyakazi, naye akaitika amina nzito, ya mutu anayekaa kiti cha mbele kanisani. Kisha akasema, "Mais lakini, mwambie huyo motari, saa kumi ni saa kumi."

Mama akarudisha telefone. "Kimbia, papa. Tangu asubuhi ninamupigia patroni nikilalamika kwamba unachelewa."

Mimi pia niliitika amina. Motari peke yake ndiye hakusema amina.