Mji Ambao Bhateri Hakuweza Kuutaja

Mama Mkubwa Bhateri alizaliwa msichana wa nne, na wazazi wake wakampa jina lenye maana ya "wametosha." Hawakutosha. Baada yake walikuja wawili wengine, na mpaka leo akiulizwa jina hujibu, "Naitwa Basi, lakini Mungu hakusikia."

Aliolewa kijijini kwetu, si mbali na mji wa Panipat, na tangu hapo maisha yake yamekuwa nyati wa maziwa, ngano, mpunga, na mikate ya samadi aibandikayo ukutani ikauke iwe kuni. Akimwita nyati wake upande huu wa bwawa la kijiji, hata nyati wa watu wengine ng'ambo huinua vichwa. Kitu kimoja tu sauti hiyo haikuwahi kukifanya: kutaja jina la mumewe, la baba mkwe au la shemeji mkubwa. Kwetu mwanamke mwenye adabu hayataji, wala neno linalofanana nayo. Mume ni "baba Kuldeep," na inatosha.

Mwaka ule kiti cha mwenyekiti wa kijiji kilitengewa wanawake, na mwenye tanuri la matofali akamsimamisha mkewe. Sote tulijua kwamba mke angekaa kitini na mume angesema, na neno lake la kwanza lingekuwa kulifukia bwawa ili apate pa kupanga matofali.

"Na nyati wangu waoge wapi?" Bhateri akauliza. "Kwenye beseni? Nami nagombea."

Lakini sheria inamtaka mgombea wa kike awe amefaulu darasa la nane, naye aliishia la tano. Mimi ni binti wa jirani. Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani na vitabu vyangu, basi nikawa mwalimu wake. Hesabu alizimeza kama mtindi. Kilichotukwamisha ni somo la jimbo letu. Mumewe anaitwa Hari, na jimbo ni Haryana. Shemeji mkubwa ni Rohtas, kwa hiyo mji wa Rohtak ukafutika. Baba mkwe ni Karnail, na Karnal nao ukatoweka kwenye ramani.

"Mashariki kuna mto Yamuna," alisema akipitisha kidole. "Kaskazini vilima vya Shivalik. Kusini mchanga wa Rajasthan. Hapa katikati, jimbo la baba Kuldeep."

"Mama Mkubwa, mtahini hamjui baba Kuldeep."

"Shauri yake."

Vita vitatu vya Panipat alivipenda mno. Alivisimulia kama ugomvi wa majirani, nani alikuja na tembo na nani alikimbia, kwa kuwa ukooni hakuna aliyeitwa Panipat.

Mtihani wa kuandika alifaulu. Alisema kalamu haina mdomo. Ukabaki wa kujibu kwa sauti. Babu Karnail mwenyewe ndiye aliyetupeleka, maana trekta yake hamwachii mtu. Ugombea huo hakuupenda. "Wanawake wakikaa vitini, wazee tukae wapi?" alilalamika njia nzima. Tulipofika akajiweka mlangoni mwa chumba cha mtihani na kiko chake cha maji. Na kwa kuwa baba mkwe yupo, Bhateri akajifunika uso kwa mtandio mpaka kidevuni. Mkamwana pia haongei na baba mkwe uso kwa uso, kwa hiyo niliombewa ruhusa ya kukaa kati yao, kama waya wa simu.

Mtahini alikuwa Bwana Bhargava, kijana wa mjini, kutoka Gurugram. Aliutazama ule mtandio kwa muda.

"Mama, ni mji gani jimboni kwetu unaoitwa bakuli la mpunga?"

"Naujua," mtandio ukajibu.

"Utaje basi."

"Ukitoka Panipat kwa barabara kuu kwenda Chandigarh, ndio unaofuata. Mchele wake mrefu kama kucha za bibi harusi."

"Jina lake, mama."

"Jina lake limekaa pale mlangoni, linavuta tumbaku."

Bwana Bhargava akageuka. "Mzee, unaitwa nani?"

"Karnail Singh! Kwani nimefanya nini?"

Mtahini akashusha pumzi. "Karnail si Karnal. Sikilizeni, hata bibi yangu alikufa hajamtaja babu. Lakini jibu lazima litoke mdomoni mwake. Asipolitaja, amefeli."

Mtandio ulitetemeka. Nilidhani analia, kumbe ni hasira. "Mwambie baba," akaninong'oneza, kwa mnong'ono uliofika barabarani, "bwawa zima lipotee kwa ajili ya jina?"

"Babu, anasema..."

"Nimesikia! Mwambie bwawa ni la Mungu."

"Mwambie Mungu hana tanuri la matofali."

Maji ya kiko yakabubujika. Babu alikuwa na nyati wake kipenzi, Kajri, mweusi mwenye pembe za kujisokota, ambaye humpaka mafuta kwa mkono wake. "Mwambie," akasema taratibu, "Kajri asipooga kwenye joto la Juni, maziwa hukauka."

"Mwambie baba ndilo ninalolisema tangu sikukuu ya Holi!"

Mzee akautoa mrija kinywani. "Haya, mwambie ataje. Mara moja. Na kwa sauti ya chini."

Bhateri akavuta pumzi.

"KARNAL!"

Ilikuwa ile sauti ya kuitia nyati. Njiwa wakaruka darini, na Babu, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaitika, "Naam!"

Bwana Bhargava alifunika uso kwa karatasi, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alipotulia akauliza la mwisho. "Na jimbo lenyewe linaitwaje?"

"Hari ni mwanangu," Babu akasema. "Namruhusu kwa niaba yake."

"Mwambie baba asante, lakini mume ni wangu." Akamwomba mtahini ruhusa, akampigia mumewe simu kwa spika.

"Unataka kunitaja?" Hari alishtuka kule zizini. "Nimekosa nini?"

"Hukukosa kitu. Ni mtihani."

"Nani yuko hapo?"

"Baba yako, mwalimu wangu na mtahini."

Tulisikia maziwa yakigonga ndoo. "Haya. Kile kipande changu kiseme chini chini. Kilichobaki, paza sauti."

Bhateri akainamisha kichwa kama bibi harusi. "Hari..." akasema, hata mimi niliye karibu nilisikia kwa shida. Kisha, "YANA!"

Alifaulu, na uchaguzi akashinda. Kwenye kikao cha kwanza, waume wa wajumbe wa kike waliingia mbele ya wake zao na kukamata viti. Hari naye alikuwa ameshakaa, amekunja nne, anakohoa ili aanze hotuba.

"Baba Kuldeep," mwenyekiti akamwambia, "nyati hawajakamuliwa."

Hari akawatazama wanaume wenzake. Wote walikuwa wanatazama dari. Akainuka, akaenda, na bwawa likawa ajenda ya kwanza.