Lori Alilolifufua Mama

Harufu ya mafuta ya mbarika hadi leo hunifanya nitoke nje. Wengine huyajua kwa kupaka ngozi au kuwashia taa. Mimi nayajua yakiwa yamechanganyika na kutu, petroli na tope la masika, kwa sababu mama yangu aliyamimina ndani ya lori bovu lililokaa nyuma ya nyumba yetu, karibu na Kiberege. Ulikuwa wakati wa vita vya Wazungu, Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea Mahenge, nami nilikuwa bado mtoto wa kufinyanga vyungu vya kuchezea. Nilizaliwa baada ya Maji Maji, katika njaa iliyokuja Wajerumani walipochoma maghala. Kaka yangu aliyenitangulia hakuivuka njaa ile. Mama hakumtaja mara kwa mara, lakini kila baada ya mavuno aliingia ghalani peke yake, akauzamisha mkono ndani ya mpunga hadi kwenye kiwiko.

Lori hilo lilikuja mvua zilipoanza, limebeba risasi na mahema, likakwama topeni. Askari walilisukuma mpaka kwetu wakaliacha pamoja na dereva wake, Bwana Salum, mtu wa pwani, aliyekuwa na homa na donda la mguu hata hawezi kusimama. Masika yote mvua ililinyeshea lile dude mpaka likawa na rangi ya kichuguu, na kuku wetu wakataga kwenye kiti cha dereva. Katika siku hizo hizo wanaume wa kijiji walikusanywa wakawe wapagazi, wakafungwa kamba shingoni wasitoroke. Baba alikuwa miongoni mwao. Alipofika njiani aligeuka akamwambia mama aliangalie paa la ghala, linavuja upande wa mashariki. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia.

Mvua zilipokatika alikuja ombasha, mkubwa wa askari wachache waliobaki Kiberege. Alilipiga lori teke, kutu ikamwagika kama pumba. "Hili likitembea," alisema, "mizigo itapanda gari. Wapagazi wa nini tena? Watarudi makwao." Alilisema jambo hilo kama mtu anayefukuza nzi, kisha akaenda zake. Lakini mama alikuwa amesimama pale na ungo mkononi, na neno lile lilimwingia. Hakumaliza kupepeta. Aliweka ungo chini akamfuata Bwana Salum kwenye mkeka wake barazani.

"Bwana Salum, wewe huwezi kusimama. Nielekeze mimi."

Bwana Salum alicheka mpaka akakohoa. "Mama Yustina, ile ni mashine. Si kinu."

"Hata kinu nilifundishwa," mama alisema.

Basi kazi ikaanza. Mama alifungua, mimi nikabeba. Kila kifaa kilichotoka nilikipeleka barazani, nikapiga goti, nikasema shikamoo, na Bwana Salum akakishika, akakipangusa kwa kanzu yake iliyochakaa, akakinusa. "Mrudishie mama yako," alikuwa akiniambia. "Mwambie bado kinanuka kutu." Tulisugua kwa mchanga na majivu mpaka kucha zetu zikawa nyeusi. Injini ilikuwa imeshikana kama jiwe, ndipo Bwana Salum aliposema inyweshwe mafuta ya mbarika na iachwe ilale. Wanawake wenzake waliopita kwenda mtoni walimwonea haya mama, wengine wakamcheka. Kila alfajiri aliishika hendeli ya mbele ya kuzungushia injini, akaivuta kwa nguvu zake zote, nayo haikutikisika hata kidogo. Siku ilipokubali kuzunguka, ilimrudi kwa kishindo ikamuumiza mkono, ukavimba. Nilimkuta nyuma ya jiko analia bila sauti. Kesho yake alivuta kwa mkono wa kushoto.

Lililobaki lilikuwa tangi la maji ya kupozea injini. Lilivuja kote, na Bwana Salum alikuwa amekata tamaa nalo. Mama alilitazama, akaenda kupika uji mwembamba wa mchele, akaumimina humo, kama tunavyofanya kwa chungu kipya kuziba vitundu vyake. Bwana Salum aliapa kwamba pwani nzima hajasikia kitu kama hicho. Maji yakaacha kuvuja.

Lori liliponguruma, kuku walirukia paani. Moshi ulijaa uani, na wale wanawake waliokuwa wakicheka walikuja mbio wakipiga vigelegele. Mama alikaa chini pale pale kwenye vumbi, anacheka huku machozi yanamtoka, akaniambia, "Baba yako anarudi, Yustina." Tulimbeba Bwana Salum tukamweka kwenye kiti chake, akaupapasa usukani kama anayemsalimu ndugu.

Ombasha alikuja na askari wake jioni hiyo hiyo. Alilizunguka lori, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akawaonyesha askari maghala yetu. Hapo awali walichukua kiasi ambacho vichwa vya watu viliweza kubeba. Sasa walikuwa na lori. Walikomba ghala moja baada ya jingine, mpunga wa kula na mpunga wa mbegu, wakautia katika makanda yetu wenyewe tuliyoyasuka kwa ukindu.

Mama alisimama mbele ya ombasha. "Bwana, ulisema waume zetu watarudi."

"Gari halivuki mto pale Ifakara," alijibu, wala hakuwa na hasira. "Wala halipandi milima ya Mahenge. Ng'ambo ile nani atabeba, mama?"

Bwana Salum alikuwa amekaa nyuma ya usukani, askari mwenye bunduki ubavuni pake. Alishindwa kumtazama mama usoni. "Nisamehe, Mama Yustina," alisema. Mama alilikaribia dirisha. Nilidhani atamtukana. "Usilikimbize," alimwambia kwa sauti ndogo. "Uji bado haujashika vizuri."

Hatukumwona tena, wala yeye wala lori. Mwaka huo tulikula mizizi ya porini na kambale tuliowachimbua kwenye matope ya madimbwi, na tulizika watu wengi. Waingereza walipokwisha kuingia, jirani yetu Matayo alirudi kutoka upagazi, mifupa mitupu, akaja kumpa mama habari. Alisema kwamba ng'ambo ya mto baba aliliona kanda fulani katika rundo la mizigo, akaujua msuko wake. Baba alisema, "Hili la nyumbani kwangu," akalibeba yeye, akakataa kubadilishana na mtu. Alianguka akafa kwenye mlima wa Mahenge, kanda likiwa bado kichwani.

Mama aliuliza swali moja tu. "Aliula ule mpunga?"

Matayo aliangalia chini. "Hapana, dada. Askari hawakuruhusu."

Sasa mimi ni mzee kuliko mama alivyopata kuwa. Malori yanapita Kiberege mchana kutwa yamejaa mpunga wa Ifakara na Malinyi, na watoto hata hawageuki kuyatazama. Nikiwa na nguvu huenda mnadani kuwatazama wanawake wanaouza. Juzi mmoja wao, kijana kabisa, mtoto mgongoni, alibishana na mwenye lori mpaka watu wakajaa. Bei haikumridhisha. Mwisho alipanda mwenyewe juu ya lori, akayashusha magunia yake chini, akayakalia. "Siuzi," alisema, akaanza kumnyonyesha mtoto wake. Yule mwenye lori alinung'unika, akaondoka. Nilibaki nimesimama juani, wajukuu wananivuta nguo twende nyumbani, nami nashindwa kuondoa macho kwa mwanamke yule aliyekalia mpunga wake.