Ujumbe Uliofutwa Siku ya Sabato

Alikuwa ameandika nini kabla hajafuta? Swali hilo lilininyima usingizi Jumamosi, likaninyima tena Jumapili. Mtu asiye na kazi ya kuamkia ana nafasi ya kutosha ya kukosa usingizi.

Mambo yalianza Ijumaa saa kumi alasiri. Nilikuwa nimeketi nje ya jikoni kwetu Nyacheki, nikiitazama picha yangu ya mahafali kwenye Facebook kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyefanikiwa. Ukaingia ujumbe. Aliyeutuma alikuwa na picha akiwa sokoni, sweta moja kila mkono.

"Ni mimi deskimeti wako. Unanikumbuka ama digrii ilinifuta?"

Nilimkumbuka. Tuliketi dawati moja miaka mitatu katika shule ya bweni upande wa Sironga, yeye Mkatoliki, mimi Msabato. Siku ya kufua ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo alinifulia sare, nami Jumapili nikamtekea maji akiwa misani. Tulipokuwa kidato cha tatu baba yake akafariki, akaenda kuzika na hakurudi tena shuleni. Darasa zima lilipanda lori kwenda mazishini isipokuwa mimi, kwa sababu yalifanyika Jumamosi. Ndivyo nilivyowaambia. Sikumtafuta tena, na kila mwaka uliopita ulifanya wa kufuata uwe mgumu zaidi.

Nikaanza kumjibu. Niliandika "Nakukumbuka sana", nikaona hiyo "sana" inanuka unafiki. "Habari yako" ilisikika kama barua ya chifu. Niliweka kikatuni cha kucheka, nikakitoa, maana mtu uliyekosa mazishi ya baba yake humwanzi kwa kucheka. Nikaandika pole, kisha nikajiuliza kama pole huharibika ikikaa miaka saba. Nina shahada ya mawasiliano.

Jua likawa linashuka. Kwetu, Ijumaa kabla halijazama, simu zote huingia kwenye kikapu juu ya kabati, na hukaa humo hadi Jumamosi jioni.

"Lete," mama akasema, kikapu mkononi.

"Mama, dakika mbili tu."

"Umekaa nayo tangu saa kumi. Jua halina miaka minne ya kukungoja kama chuo."

Simu ikaingia kikapuni. Mwenzangu alikuwa ameshaona kwamba nimesoma, na pia kwamba sikujibu.

Jumamosi jioni, tulipomaliza wimbo wa kufunga Sabato, niliichukua simu kabla ya "amina" kutulia. Chini ya ujumbe wake kulikuwa na nyingine tatu, zote zikisema kitu kimoja: ujumbe umefutwa.

Mtu mwingine angeuliza, "Ulikuwa umeandika nini?" Mimi niliona kwamba nikiuliza atajua nimejali, na nisipouliza atajua sijajali. Kufikia Jumapili jioni nilikuwa nimemtungia, kichwani mwangu, matusi bora kuliko yoyote ambayo angeweza kuyabuni mwenyewe, na nusu yake nilikubaliana nayo.

Jumatatu asubuhi tulikuwa shambani tukichuma chai, mama mstari wake, mimi wangu, nikiwa nyuma kama kawaida. Nikamsimulia.

"Si ni yule ambaye baba yake alipofariki nilimpigia mwalimu wenu simu?" akauliza. "Nikasema kufariji waliofiwa si kazi, uende hata kama ni Sabato?"

"Ndiye."

"Ulimpa pole zangu?"

Nilimwambia kikapu chake cha chai kimejaa. Hakikuwa kimejaa. Asubuhi ile ya mazishi nilikuwa nimebaki nyuma ya bweni nikifanya mazoezi ya sentensi ya kumwambia mtu aliyefiwa, na nilipokaribia kuipata, lori lilikuwa limeondoka. Sabato ilikuja kuniokoa baadaye.

"Na sasa yuko wapi?"

"Facebook yake inasema anauza mitumba soko la Daraja Mbili."

"Basi si hata mbali! Nenda umuulize kwa mdomo. Na uniletee sweta."

Nilimpata sokoni ameinama juu ya lundo la sweta, akipaza sauti kwa wapita njia. Aliniona kabla sijachagua uso wa kuvaa.

"Wee! Digrii imeshuka sokoni!" Akanikumbatia, kisha akamgeukia mteja. "Mama, usivute hivyo, hiyo ni kamera, ile ya kwanza kutoka kwa mzigo. Bado haijaguswa na mtu." Akarudi kwangu. "Umekonda. Vitabu hukula nyama?"

Nilikuwa nimepanga kufika kwenye jambo hilo polepole. "Ulikuwa umeandika nini?" nikauliza.

Akacheka mpaka jirani yake wa ndizi akageuka.

"Nilikutukana! Ya kwanza nilisema umejiona mkubwa. Ya pili nikaongeza chumvi. Ya tatu siwezi kurudia hapa, kuna wazee. Halafu Jumamosi asubuhi nikaona Wasabato wanapita na Biblia, nikajipiga kichwa. Kumbe simu ya huyu imelala kwa kikapu cha mama yake! Nikafuta zote."

"Ulikumbuka kikapu?"

"Nitasahau aje? Hata kwa mazishi ya baba, watu walisema umenitupa. Nikawaambia, huyo ni Sabato, mwacheni. Angekuja."

Kwa siku mbili nilikuwa nimeogopa kwamba amenikasirikia, kumbe kwa miaka saba alikuwa akinitetea. Jibu nililokuja kulitafuta nilikuwa nimelipata. Kilichobaki kilikuwa kununua sweta ya mama na kurudi nyumbani nikiwa nimesamehewa kwa kosa ambalo sikulitenda, nikibaki na lile nililolitenda. Mpango huo ulinipendeza. Nilichukua sweta ya kijani, nikauliza kama itamtosha mama, akasema itamtosha. Nikaanza kutunga sentensi ya kuaga, na kama kawaida nikaanza kuirekebisha.

Nikairudisha sweta juu ya lundo.

"Haikuwa Sabato," nikamwambia. "Mama alikuwa ameniruhusu. Nilijificha nyuma ya bweni mpaka lori likaondoka, kwa sababu sikujua nitakuambia nini."

Akaacha kukunja nguo.

"Nimekuja kukupa pole ya baba," nikasema.