Viraka vya Mama Vitabu

"Mama Vitabu anaiba," alisema fundi cherehani huku akikinga ndoo yake bombani. "Na haibi dawa wala mashuka kama wezi wenye akili zao. Anaiba vitabu."

Mama Kifaranga alikuwa anasuuza nepi pembeni, mtoto kamfunga mgongoni. Hakunyanyua uso.

"Vitabu vya nani?"

"Vya hospitali, vya nani tena? Kila jioni anarudi na mfuko umemvuta bega mpaka anatembea upande upande kama kaa. Akiingia ndani anafunga mlango, anafunga na dirisha, na joto lote hili. Mtu msafi anafunga dirisha la nini?"

"Labda anasoma."

"Asome nini, mwenzangu? Kakaa na vitabu maisha yake yote, bado hajavimaliza?" Fundi alicheka, akaisogeza ndoo kwa mguu. "Tena siku hizi anajisikia. Juzi kapita mlangoni kwangu, mimi huyu nimekaa kwenye cherehani, hata jicho hakunitupia. Lakini lile sanamu langu la kuvishia magauni akalisalimia. 'Hujambo, mwanangu,' kwa sauti kabisa. Mimi mwenye damu kanipita, kaongea na mbao."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji waliangua kicheko. Mama Kifaranga naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Sanamu lile alilijua vizuri. Halikuwa na kichwa.

Chumba cha Mama Vitabu kilikuwa cha mwisho uani, jirani na choo, na hakuna aliyekumbuka uani bila yeye. Mume alikuwa naye zamani, akafa. Mtoto hakujaliwa, ila alimlea binti wa dada yake mpaka akaolewa mbali. Kazi yake ilikuwa kutunza maktaba ya hospitali kuu, na watu wengi hawakujua kama hospitali ina maktaba. Wagonjwa hawakuingia huko. Ilikuwa ya wafanyakazi: madaktari, wauguzi, watu wa maabara, wakunga.

Ilikuwa chumba kimoja tu nyuma ya famasia, ambacho kabla yake kilikuwa stoo ya chupa za dripu, na harufu ya boksi lililolowa haikuwahi kutoka. Kulikuwa na rafu za chuma, meza ndefu, na kompyuta moja iliyoamka siku ikijisikia. Daktari akikwama na ugonjwa asioufahamu alipiga simu huko. "Mama, nitafutie kitu kuhusu hili," na Mama Vitabu alitafuta mpaka akapata, akachapa, akapeleka mwenyewe wodini. Madaktari wanafunzi walikuja kusoma wakalala, shavu juu ya kitabu. Hakuwaamsha. Aliwachomekea karatasi chini ya mdomo, udenda usiharibu ukurasa, akaendelea na kazi zake.

Lakini kitu chake hasa kilikuwa kitabu cha dozi. Ni kijitabu kidogo chenye jalada la buluu, kila wodi na chake, kimening'inia kwa kamba karibu na kabati la dawa. Muuguzi akitaka kujua dawa fulani apewe mtu kiasi gani kwa uzito wake, anafungua humo. Sasa, dozi hubadilika. Wakubwa wakibadilisha, hawakuchapisha kitabu kipya. Walileta karatasi zenye mistari iliyosahihishwa, tarakimu tupu, bila hata jina la dawa, pembeni namba ya ukurasa tu. Mama Vitabu alikata kila mstari kwa mkasi mwembamba, akaupaka gundi, akaubandika juu ya mstari wa zamani, sawasawa, bila kupinda. Wauguzi waliviita viraka. "Hiyo ina kiraka?" waliulizana. Ikiwa nacho, basi, mjadala umekwisha. Hakuna aliyehangaika kuuliza zaidi. Mkono wa Mama Vitabu umepita hapo.

Mama Kifaranga aliyajua haya kwa sababu alikaa huko. Mtoto wake alizaliwa njiti, kabla ya siku zake, mdogo kama kifaranga kweli, ngozi inaonyesha mishipa. Sista wa wodi ya watoto, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, ndiye aliyemfundisha kumlisha kwa mpira mwembamba puani, tone kwa tone. Alikuwa akimshika mkono anapotetemeka na kumwambia, "Usiogope, mama, hata mimi mara ya kwanza nilitetemeka." Siku moja Mama Vitabu alipita na toroli lake la vitabu, akamkuta jirani yake wa uani kalala anatazama dari. Akamwachia kijitabu cha kufundishia wakunga, kinachoeleza kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi.

"Si cha wagonjwa hiki," alisema. "Lakini wewe kwa sasa una kazi ya ukunga. Nisomee kidogo nikusikie."

Mama Kifaranga aliishia darasa la saba. Alisoma polepole, kwa aibu, kidole chini ya mstari.

"Unasoma vizuri," Mama Vitabu alimwambia. "Unasimama penye nukta. Madaktari wangu hawasimami."

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumsifu kwa kusoma. Maneno hayo aliyaweka moyoni na hakumwambia mtu, hata mumewe.

Sasa, tangu ile habari ya sanamu, alianza kumtazama Mama Vitabu kwa makini. Aliona akimimina chai, mkondo ukapita kando ya kikombe, na yeye akaendelea kumimina mpaka mguu ulipoungua. Aliona akipapasa ukuta wa uani kwa ncha za vidole, kama mtu anayejifanya anatembea tu. Alimwona akigeuza funguo, kila mmoja akiugusa meno kabla ya kuchagua. Mtu mzima hawezi kuambiwa na binti mdogo, mama, huoni.

Kisha habari mbaya ikaingia uani, na kama kawaida iliingia kwa mdomo wa fundi cherehani.

"Kuna mtoto kafa wodini. Mtoto wa degedege. Kapewa dawa ikampita kimo, akalala moja kwa moja. Mama yake wamemtoa pale kabebwa." Safari hii fundi hakucheka. "Sista kasimamishwa. Yule mwembamba. Jumatatu anawekewa kikao. Wanasema kazi basi, na labda polisi."

"Yule aliyemlisha mwanangu?"

"Huyo huyo. Anasema kafuata kitabu. Wenzake wanasema anajitetea tu."

Mama Kifaranga alimfungua mtoto mgongoni akamweka mapajani. Kifaranga alikuwa ameshanenepa, mapaja yana mikunjo. Alimshika mguu kwa muda mrefu, na mtoto akadhani ni mchezo.

Kuanzia siku ile mlango wa Mama Vitabu haukufunguliwa. Ijumaa hakwenda kazini. Jumamosi hakuonekana bombani. Jumapili mchana Mama Kifaranga akapika uji, akambeba mtoto, akaenda kugonga.

"Nani?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

Kitasa kikazunguka. Mama Vitabu alisimama mlangoni, macho yakielekea begani kwa mgeni wake.

"Marahaba. Umemleta na mtoto. Namsikia anavyohema."

Ndani kulikuwa na joto la jikoni. Sufuria ya maji ilichemka kwenye jiko la mafuta, na mezani vimetandazwa vitabu vya buluu, kamba zake bado zimefungwa. Vingine vilikuwa vimefunguliwa kurasa zimelowa, zimevimba. Mama Vitabu alikuwa akizishikilia juu ya mvuke, gundi ilainike, kiraka kibanduke. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa kuungua.

"Uani wanasema naiba," alisema akikaa. "Waache waseme. Ningependa ingekuwa hivyo."

"Mama, kunywa uji kwanza."

"Nitakunywa. Kaa." Alipapasa mpaka akapata kitabu kimoja, akamsukumia. "Dawa ya degedege. Pana kiraka hapo?"

Mama Kifaranga akafungua, akatafuta kwa kidole.

"Kipo."

"Kimenyooka?"

"Kimenyooka, mama. Kimenyooka kabisa."

Mama Vitabu alitikisa kichwa, kama aliyetegemea jibu baya na akapewa baya zaidi. "Nisomee."

Akasoma tarakimu, dozi kwa kila kilo. Kisha Mama Vitabu akamwambia akiinue kitabu juu ya mvuke, asubiri, akivute kiraka taratibu kuanzia kona. Kiraka kikaja. Chini yake mstari wa zamani ulikuwa mzima, na tarakimu yake ilikuwa ndogo, ndogo sana kuliko ile ya juu. Mama Kifaranga alisoma na hiyo. Hakuwa mtu wa hesabu, lakini uzito wa mwanawe aliujua kama jina lake, na bila kutaka akazidisha. Akamvuta Kifaranga karibu.

"Hiki ni kiraka cha dawa ya karatasi inayofuata," Mama Vitabu alisema. "Hiyo ya degedege haikubadilishwa. Haikutakiwa kuguswa."

Akaeleza, sauti imenyooka kama anasomea watu tangazo. Macho yalianza kumwacha muda mrefu sasa, katikati kwanza, kama mtu kaweka kidole kwenye kioo. Aliogopa kusema. Hospitali ilishaitolea macho maktaba, wanataka chumba kwa ajili ya dirisha la kulipia. Mkutubi asiyeona ni sababu tosha ya kufunga. Kwa hiyo akawa anasomewa namba za kurasa, akisingizia kusahau miwani, na kubandika kwa vidole. Kile kitabu alikifahamu kuliko uso wake. Alihesabu karatasi kwa kidole gumba kutoka mwanzo, akapima mstari kwa kucha, akabandika. Akamwomba daktari mwanafunzi mmoja atazame, naye akasema safi, mama, kwa sababu alitazama gundi tu.

"Kisha vikaja vitabu vipya, mwaka huu. Jalada lile lile, saizi ile ile. Kumbe mbele wameongeza karatasi moja. Salamu za waliochangia, na picha zao. Karatasi moja, mwanangu. Mimi nikahesabu kama siku zote."

Nje fundi alikuwa anaendesha cherehani, na mlio wake ulipita ukutani kama mvua ya mbali.

"Uliyajua lini haya?"

"Siku ya msiba. Nilikwenda wodini nikasikia sista analia, anasema kitabu, kitabu. Nikakishika. Nikahesabu karatasi, nikaanza upya. Wakubwa wakaja wakakichukua, kikafungiwa ofisini."

"Na hivi vingine?"

"Nilikuwa tayari navileta hapa kidogo kidogo, tangu nilipoanza kuingiwa na wasiwasi na mikono yangu. Nawaambia naenda kushona jalada. Nilidhani nitasahihisha polepole, hakuna atakayejua." Akapapasa vitabu mezani. "Ningeharakisha, yule mtoto angekuwa hai. Ningesema tu."

Mama Kifaranga alitaka kumfariji. Lakini ndani ya moyo wake kulikuwa na hasira, na hakujua ailaze wapi. Mwanamke huyu alimpa kitabu wakati mwanawe alikuwa anapigania pumzi. Na kabati lile lile la dawa, kamba ile ile. Ingekuwa wiki nyingine, ingekuwa Kifaranga. Alimwangalia mama yule akitafuta kikombe cha uji kwa kupapasa, akakigusa, akakiacha.

"Sista anajua?" aliuliza mwisho.

"Anajua kafuata kitabu. Hajui kitabu kilikosea. Anafikiri labda ni macho yake." Mama Vitabu akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani. "Macho yake."

"Utasema, mama?"

"Nikisema, maktaba imekwisha. Watafunga, na watakuwa na haki. Wale wasichana watabaki kuulizana kwa kichwa, huyu anakumbuka hivi, yule vile, na watoto wengine watakufa kwa hilo, na hao hakuna atakayewahesabu." Alifuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Nimekaa siku zote hizi nikijiambia hivyo. Ni maneno mazuri. Nimegundua nayapenda kwa sababu yananiacha nimekaa."

Kifaranga alikuwa ameshika kiraka kilichobanduliwa, anataka kukitia mdomoni. Mama yake akakitoa vidoleni, akakiweka mezani mbali.

"Vyote viko hapa?"

"Hapana. Ukiacha kile cha ofisini, kimoja bado. Wodi ya wazazi. Mkunga wa zamu alinikatalia, akasema wanakitumia, nirudi Jumatatu. Kinaning'inia pale mpaka sasa hivi ninavyoongea na wewe. Siwezi kubandua kiraka kwa kupapasa mbele ya watu, na siwezi kumwambia mkunga ukurasa gani bila kumwambia kwa nini."

Akanyanyuka. Akavikusanya vitabu kwa kuvigusa kimoja kimoja, akavitia mfukoni, vilivyolowa na vikavu pamoja. Mfuko ukamvuta bega. Akatafuta ukuta, kisha akauacha ukuta, akanyoosha mkono mpaka ukafika begani kwa Mama Kifaranga, karibu na kichwa cha mtoto.

"Mfunge mtoto mgongoni, twende sasa hivi. Tuanzie wodi ya wazazi, halafu nyumbani kwa matroni wa wauguzi. Kusema nitasema mimi, hilo halikuhusu. Wewe nisomee tu mbele yao, kiraka kwanza, kisha kilicho chini yake, na usimame penye nukta. Na tafadhali, mwanangu, usipunguze sauti kwa kunihurumia."